Pumzi ya Bochaberi

Kwaya ya Mwalimu Ratemo ilifanya mazoezi mlango ukiwa wazi. Mvua inyeshe, upepo uvume, vumbi la soko la Daraja Mbili liingie pamoja na maganda ya ndizi, mlango haukufungwa. Waimbaji wapya walidhani ni mtindo aliorudi nao kutoka Uingereza, kama koti lake la kijivu na ile tabia ya kufumba macho kila besi walipoanza. Wale waliotoka kwao Gesima walijua zaidi. Walijua kwamba kabla hajaenda popote, Ratemo alikuwa mwalimu wa kwaya aliyeogopwa kwa sababu ya mlango.

Hiyo ilikuwa kabla ya uhuru. Alikuwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi, na kanisa la Sabato la ng'ambo ya mto lilikuwa limemkabidhi kwaya. Alikuwa na kiuma cha chuma cha kupimia sauti, zawadi ya mmisionari mmoja aliyestaafu. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akatoa do, na kabla do hiyo haijazimika alikuwa amekwisha kuweka komeo. Aliyechelewa alibaki nje chini ya nyasi za paa, akiwasikiliza wenzake mpaka mwisho, kisha akarudi nyumbani bila kuimba hata neno.

"Na mbinguni pia watafunga," Ratemo alikuwa akisema, na wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa furaha. Kwaya yake ikawa inaimba kama koo moja.

Mtu mmoja tu hakuogopa komeo lile. Mogire, mdogo wake, aliimba besi, na hakuwahi kufika kwa wakati maishani mwake. Akikuta mlango umefungwa hakurudi nyumbani. Alisimama nje, akaegemea ukuta wa udongo na kuimba sehemu yake kutoka huko, na ukuta mzima ukanguruma kama mzinga wa nyuki. Wasichana wa soprano walicheka hadi wakapoteza noti. Ratemo alikasirika, lakini hakumfukuza, maana bila besi ile wimbo ulikuwa nyumba isiyo na msingi.

Mwaka wa sitini na moja mvua ilinyesha kama haijawahi kunyesha. Mto Gucha ulijaa, ukang'oa migomba na mabanda ya watu, ukachukua na gogo walilozoea kuvukia. Alasiri moja Mogire alitoka nyumbani mbio kwenda mazoezini. Kanisani Ratemo aliweka komeo, wakaanza kuimba. Walipofika pale besi wanapoingia, kila mmoja alitega sikio ukutani, tayari kucheka. Ukuta ulinyamaza.

"Leo amekata tamaa," Ratemo akasema, na akatabasamu.

Walimpata Mogire upande wa chini wa mto, kwenye kivuko cha ng'ombe, amenaswa na mizizi.

Iko miji, kama Napoli na Aleksandria, ambako waliaji hukodishwa, nao hulia vizuri sana. Katika ukoo wa Onchiri, baba yake Ratemo, mbolezi, wimbo wa kumlilia marehemu, haikuwa ya kukodisha. Mbolezi ilikuwa njia. Aliyeongoza, naye alikuwa mama ikiwa yu hai, alimtembeza marehemu upya katika safari yake ya mwisho, kituo hadi kituo, tangu kitandani alikoamka. Katika kila kituo aliuliza ni nani aliyekuwepo. Na aliyekuwepo alipaswa kujibu kwa sauti, mbele ya watu, "Nilikuwepo." Hakulaumiwa wala kuulizwa zaidi. Alijibu tu, na marehemu akapita kituo kile akaenda mbele. Njia hiyo ilitembewa kaburi likiwa bado wazi. Udongo ukisharudi, imekwisha, mpaka ardhi ya boma lile ifunguliwe tena kwa ajili ya mwingine. Anayeiimba pasipo na maiti anaiita maiti.

Bochaberi, mama yake Ratemo, alikuwa amebatizwa na alijua kwamba mchungaji hapendi mambo yale. Hata hivyo alisimama ukingoni mwa kaburi la mwanawe na kuanza. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu, na ilipanda kwa hatua ambazo hakuna kitabu cha do-re-mi kinachozijua.

"Jikoni alikuwepo nani?"

"Nilikuwepo," akajibu mwenyewe, kwa maana ndiye aliyempa viazi.

"Migombani alikuwepo nani?"

"Nilikuwepo," akasema Nyamusi, jirani, ambaye Mogire alimtania kuhusu mzigo wake wa kuni.

"Mtoni alikuwepo nani?"

Hakuna aliyejibu. Mtoni hakukuwa na mtu. Bochaberi aliungoja ukimya ule kama mtu anayengoja jibu la haki, kisha akavuta pumzi. Watu wote walijua kituo kinachofuata. Baada ya mto kulikuwa na kanisa alikokuwa akikimbilia, na kanisa lilikuwa na mlango.

Mchungaji alimtazama Ratemo na kuinamisha kichwa kidogo. Huenda alimaanisha anza. Huenda alikuwa anaomba. Ratemo aliinua mkono, na kwaya yake, iliyofundishwa vizuri, ikaingia yote kwa pamoja na wimbo wa kitabuni, sauti nne, safi kama maji ya chemchemi. Bochaberi alibaki na mdomo wazi, kifua kimejaa. Kisha akaufunga mdomo. Hakuna aliyemwona akiishusha pumzi ile. Wimbo ulipokwisha, majembe yalikuwa yamekwisha kuanza.

*

Baada ya uhuru Ratemo alipata ufadhili wa kwenda London kusomea muziki. Kijiji kilimsindikiza kwa mbuzi na sala. Huko alijifunza kupiga piano kwa vidole vilivyozoea jembe, akajifunza kuandikia fidla na filimbi, akajifunza kusimama mbele ya watu sabini wasiomjua na kuwafanya waanze pamoja.

Siri ya kuongoza haiko katika kupiga mkono chini, kama watu wanavyodhani. Iko katika kuuinua. Mkono ukipanda, kwaya inavuta pumzi, na katika pumzi ile kila kitu kimekwisha kuamuliwa: kasi, ukubwa wa sauti, hata huzuni. Siku ya kwanza alipopewa kwaya ya chuo, Ratemo aliinua mkono, wanafunzi wakavuta pumzi, na nyuma yao, kwa kuchelewa kidogo, mtu mwingine akavuta yake. Ilikuwa pumzi kavu, ya mwanamke wa makamo. Aligeuka kuangalia mlango. Ulikuwa umefungwa. Akaenda akaufungua, akasema kuna joto. Nje kulikuwa na theluji.

Tangu siku hiyo pumzi ile haikumwacha. Hakuisikia barabarani wala kitandani. Aliisikia hapo tu, mkono wake ukiwa juu. Ilivutwa, wala haikutolewa.

Alianza kuandika ili aimalize. Aliandika kipande cha kwaya na fidla, akaweka ndani yake njia ya Mogire: jiko, migomba, mto. Maneno aliyatoa katika Zaburi, lakini hatua za sauti zilikuwa za mama yake. Alipofika mtoni kalamu ilisimama. Alijaribu kushuka taratibu, akafuta. Alijaribu kumaliza kwa nguvu kama Wajerumani, akafuta. Mwishowe, siku ya onyesho ilipokaribia, aliacha kama kulivyokuwa: sauti za wanawake juu, zinavuta pumzi, kisha basi.

Watu wakasimama wakapiga makofi. Profesa wake alimshika mabega yote mawili.

"Usiuguse mwisho huo," akamwambia. "Ni ujasiri mtupu. Wengine wote wanaogopa kuacha mlango wazi."

Ratemo alimshukuru, akatoka nje bila koti.

*

Aliporudi, mwaka wa sitini na nane, alipewa kazi ya kufundisha muziki katika chuo cha ualimu karibu na mji wa Kisii. Jumapili ya kwanza alikwenda Gesima. Alimkuta Bochaberi kwenye shamba la pareto, kapu mkononi, akichuma maua meupe kwa vidole vyepesi. Walisalimiana, wakaulizana habari za mifugo na za wazungu. Kisha Ratemo akachukua kapu akamsaidia, na alipoona kwamba ukimya hautamfungulia njia, akasema.

"Mama, ile mbolezi ya Mogire. Nataka kujua ilikuwa inaishaje."

Bochaberi hakuacha kuchuma. "Ilikuwa inaisha kama zote."

"Sitaki maneno. Nataka sauti tu. Niimbie polepole, hata kwa kufumba mdomo. Nitaiandika."

"Sauti bila maneno."

"Ndiyo, Mama."

"Kama mtu anayeomba supu, lakini ng'ombe asichinjwe." Akacheka kidogo, kwa pua. "Ratemo, huko ulikokwenda wanalia bila maiti?"

"Wanaimba maombolezo kwenye kumbi, Mama. Watu wanalipa kiingilio wanakaa vitini. Hakuna anayekufa."

"Wanajuaje?"

Mama yake akanyoosha mgongo na kumtazama kwa mara ya kwanza tangu wasalimiane. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomwogopesha.

"Kaburi la ndugu yako limefungwa, mwanangu. Nitaulizia nini, na nitamuuliza nani? Nyasi? Ikifunguliwa ardhi ya boma hili tena, mambo ya njia yatasemwa. Mimi huenda nisiyasikie vizuri." Akachukua kapu lake. "Umekonda. Wazungu hawali?"

Ratemo alirudi mjini na vituo vyake viwili na mto wake. Aliendelea kuamini kwamba mwisho uko mahali fulani, kama kitu kilichodondoka nyuma ya kabati, na kwamba mtu mwenye sikio zuri anaweza kuupata bila kupita pale ulipodondokea. Ni kosa la mtu aliyesoma kuandika noti. Anazoea kufikiri kwamba sauti ni kitu kimoja na aliyeimba ni kitu kingine.

*

Kwaya aliyoiunda mjini ilikuwa mchanganyiko: walimu, wauguzi, karani wa posta, mafundi wa mawe ya Tabaka wenye vumbi jeupe kwenye nyusi, na akina mama wa soko la Daraja Mbili. Walifanya mazoezi katika ghala la Gulled, mfanyabiashara Msomali aliyeuza mabati na misumari. Gulled hakuimba. Alisema dini yake na koo lake vyote vilimkataza, lakini hasa koo. Alikaa nyuma juu ya gunia la misumari, akanywa chai ya tangawizi na kusikiliza.

Kiongozi wa alto alikuwa Drusilla, binti wa kaka yake Bochaberi, aliyeuza ndizi sokoni na kusikika hadi Suneka upepo ukiwa mzuri. Huyo ndiye aliyesimamisha kazi siku Ratemo alipogawa karatasi za kipande chake.

Wanawake waliimba ukurasa wa kwanza kwa do-re-mi bila shida. Katika ukurasa wa pili sauti zikaanza kupungua, moja moja, kama taa za nyumba zinavyozimwa. Kufikia mto alikuwa akiimba muuguzi mmoja tu, mgeni kutoka Kakamega.

"Kuna nini?" Ratemo akauliza.

Drusilla alikunja karatasi yake mara mbili. "Mwalimu, hii naijua."

"Ni Zaburi."

"Zaburi ndiyo kitambaa. Mimi nasema kilichofungwa ndani." Wengine wakaguna kumuunga mkono. "Hii ni njia ya Mogire. Nilikuwepo mazishini. Na leo, katikati ya misumari ya watu, tunazika maiti gani?"

"Dada, ni muziki tu."

"Ni muziki tu!" Akageukia wenzake. "Mnasikia? Kitanda ni mbao tu. Lala basi juu ya cha jirani yako uone!"

Ghala zima likaangua kicheko, na Ratemo mwenyewe akacheka, kwa sababu na yeye alikuwa mtu. Kicheko kilipotulia, Gulled alikohoa huko nyuma.

"Maalim, samahani, mimi si mtu wa mambo haya. Lakini nauliza tangu wiki ile nyingine. Yule mama anayevuta pumzi baada ya wenzake, mbona hamumrekebishi? Yuko upande gani? Mimi namsikia hapa, karibu na mlango, lakini simwoni."

Drusilla alimtazama Ratemo, akaona rangi ya uso wake, na sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya sokoni.

"Kumbe," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu London."

"Shangazi angali hai, na pumzi yake iko huku inatembea." Akaketi juu ya rundo la mabati, yakalia chini yake. "Lete hizo karatasi. Tutakuimbia, ndugu yangu. Tutakuimbia hadi mtoni. Kuvuka, hapana. Huko si kwetu kukuvusha."

Kwa hiyo waliimba hadi mtoni. Waliimba Kisumu, wakaimba Nakuru, na taifa lilipotimiza miaka kumi ya uhuru waliitwa Nairobi wakaimba mbele ya mawaziri na mabalozi. Wanawake wa Daraja Mbili, wamevaa sare za kijani kibichi, walipandisha sauti zile kavu mpaka juu kabisa, wakavuta pumzi, kisha basi. Mawaziri walitazamana, hawajui kama wapige makofi. Balozi mmoja alianza, wote wakafuata. Gazeti moja liliandika kwamba Afrika imepata mtunzi asiyeogopa ukimya.

Ratemo alikuwa amekwisha kuandika vipande vingine wakati huo. Aliandika misa kwa ajili ya Wakatoliki wa Nyabururu, ingawa Wasabato wenzake walinung'unika. Aliandika wimbo wa wachuma chai, na kipande kimoja cha fidla na obokano, kile kinubi kikubwa cha Kigusii kinachokoroma kama tumbo la ng'ombe, mpigaji akiwa mzee aliyekataa katakata kutazama mkono wa mwongozaji. Vyote vilisifiwa. Vyote, ukivisikiliza kwa makini, vilisimama mahali pamoja. Mtu alifika ukingoni, akavuta pumzi. Wanafunzi wake waliiga mtindo huo wakadhani wamejifunza jambo.

Kila alipoinua mkono alimsikia mama yake nyuma ya kwaya. Alianza kuchelewesha kuushusha. Mwanzoni alifanya hivyo kwa hofu. Baadaye, miaka ilipopita, hakuwa na hakika tena kama ilikuwa hofu.

*

Bochaberi alifariki mwaka wa sabini na sita, mwisho wa mavuno ya mahindi, akiwa amelala, baada ya kulalamika kwamba chai ya mkwewe haina maziwa ya kutosha. Walimchimbia kaburi karibu na la Mogire. Udongo ulikuwa mwekundu na laini, na wachimbaji walipofika kina cha kiuno walikata mzizi wa mti wa zamani uliotokea upande wa kaburi la Mogire. Mzee mmoja akauangalia, akasema wauache hapo hapo.

Kwaya ilikuja kwa lori la Gulled. Gulled mwenyewe alikuja, amevaa kofia yake nyeupe, akasimama na wanaume. Mchungaji alikuwa mpya, kijana, lakini alikuwa amerithi mawazo ya yule wa kwanza pamoja na koti lake. Alisoma, akaomba, na kabla hajasema ‘amina’ ya mwisho Drusilla alikuwa amekwisha kutoka kwenye mstari wa alto na kusimama ukingoni. Dada zake Bochaberi walikuwa wametangulia kufa. Njia ilikuwa mikononi mwake.

Alimtembeza shangazi yake kwanza. Safari ilikuwa fupi: kitanda, jiko, kitanda.

"Kitandani alikuwepo nani?"

"Nilikuwepo," akasema mkwewe, analia. "Nilikuwepo na maziwa sikumwongezea."

Watu wakatabasamu katikati ya machozi. Drusilla akazunguka kaburi. Alipofika upande ule mzizi ulipotokeza, sauti yake ilibadilika. Ilikauka. Wale waliokuwepo mwaka wa mafuriko waliinua vichwa.

"Jikoni alikuwepo nani?"

Kimya. Aliyepaswa kujibu alikuwa amelala pale chini. Drusilla akamngoja kwa heshima.

"Migombani alikuwepo nani?"

"Nilikuwepo," akasema Nyamusi, mzee sasa, amejiinamia kwenye fimbo. "Aliniambia kuni zangu zimenipita urefu."

"Mtoni alikuwepo nani?"

Upepo ulipita kwenye majani ya chai, ukaenda zake. Drusilla akavuta pumzi.

Ratemo alikuwa amesimama mbele ya kwaya yake, mahali pale pale. Alihisi mchungaji akimtazama. Aliona kichwa kile kikiinama kidogo, na safari hii alielewa vizuri kilichosemwa: anza. Kwaya pia ilielewa. Walikuwa wamemzoea mno, miguu yao ilikwisha kujipanga, videvu vimeinuka. Kilichohitajika ni mkono tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuanza kupanda wenyewe, kama mnyama anayeijua njia ya kisimani. Aliuona umefika usawa wa kifua. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akaurudisha chini, akabaki ameushika hivyo mbele ya watu kama mtu aliyeungua.

"Mlangoni," Drusilla akaimba, "alikuwepo nani?"

Noti hiyo Ratemo hakuwa ameifikiria katika miaka yote. Haikupanda wala kushuka. Ilikaa pale pale, juu, inangoja.

Ratemo alikuwa ameongoza sauti za watu tangu ujanani. Yake mwenyewe hakuwa ameitumia hadharani isipokuwa kutoa do. Ilipotoka ilikuwa mbaya, imepasuka katikati, na baadhi ya walimu wa sauti ya tenor waliinama kwa aibu kwa ajili yake.

"Nilikuwepo," akasema.

Drusilla alimtazama, akangoja. Haikuimbwa, na njia haikubali jibu lisiloimbwa kutoka kwa ndugu wa damu.

"Nilikuwepo," akaimba.

Basi mbolezi ikaisha. Mwisho ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa sauti nne zinazoshuka, zile zile ambazo watoto wa Gesima huimba wakirudisha ndama zizini, na wanawake wote wakaziimba pamoja bila kuongozwa, wala hawakuanza kwa wakati mmoja. Wakarudia, wakarudia tena, na kutoka kwenye safu ya nyuma besi wa kwaya, watu wa Tabaka, wakajiunga bila kuambiwa, kwa chini kabisa. Mchungaji akafunga kitabu chake. Mtu akashika jembe.

Gulled alimsogelea Ratemo walipokuwa wananawa mikono. "Pole, Maalim. Mungu ampokee." Kisha, kwa sauti ya chini, "Yule mama ameshusha pumzi. Nimemsikia."

*

Wiki iliyofuata kwaya ilikutana ghalani kama kawaida. Mvua ya alasiri ya Kisii ilikuwa inapiga mabati kwa hasira, ikiingia mlangoni mpaka kwenye viatu vya soprano. Ratemo hakuleta karatasi mpya. Watu walikuwa wamemwuliza, na profesa wa London angemwuliza kama angejua, kama sasa atauandika ule mwisho. Alijibu kwamba kipande kimekwisha, kiishie mtoni, watakaokiimba baadaye wavuke wenyewe.

Aligonga kiuma gotini, akatoa do. Akainua mkono. Kwaya ikavuta pumzi.

Alingoja. Alitega sikio nyuma ya alto, nyuma ya besi, kule mlangoni karibu na gunia la Gulled. Mvua tu. Aliendelea kungoja, mkono uko juu, macho yamefumbwa, mpaka karani wa posta akaishiwa akapumua kwa kelele, na wote wakacheka.

"Mwalimu," Drusilla akasema kwa upole, "tuko hivi hivi tulivyo. Hakuna mwingine anayekuja."

Ratemo alifumbua macho. Alikuwa na uso wa mtu aliyeteremka kwenye basi akagundua ameacha kitu ndani, na basi limekwisha kuondoka. Miaka yote aliyokuwa akimkimbia mama yake, mama alikuwa amefuatana naye. Alikuwa naye London, Nakuru na Nairobi, nyuma ya mgongo wa kila kwaya, na hakuwahi hata mara moja kugeuka kumsalimia.

"Na huo mlango?" soprano mmoja akauliza. "Tunalowa, Mwalimu."

Aliuangalia mlango. Kisha akaenda, akachungulia njia kushoto na kulia katika mvua ile, akaurudisha taratibu bila komeo, akarudi mbele ya watu wake na kuinua mkono tena.